Manung'uniko ya Watumiaji Si Utovu wa Shukrani

Mtumishi wa ofisi au mwalimu anayetumia kompyuta hujua kwamba makosa mengi ya kila siku husahihishika. Neno likiandikwa vibaya hufutwa likaandikwa upya. Hesabu ikikosewa hurudiwa. Lakini ipo siku moja ambayo kosa dogo laweza kuangamiza kazi ya miaka mingi, nayo ni siku ya kuweka mfumo mpya katika mashine. Siku hiyo diski hugawanywa na kufutwa, na atakayebonyeza pasipostahili hupoteza barua, orodha za wanafunzi na hesabu za idara kwa dakika chache. Kazi hiyo, ambayo vijana wa mitaani huiita "kupiga Windows", hufanywa na programu maalumu iitwayo kisakinishi.

Kwa kuwa kisakinishi hutumiwa mara chache, ni rahisi kukidharau. Hata hivyo, kisakinishi ndicho mlango wa mfumo mzima. Mgeni aliyeshindwa kuufungua mlango hatajua kamwe kama ndani mna viti vizuri. Kwa hiyo mlango unapobadilishwa, na wapitao wakapiga kelele, yafaa kelele hizo zipimwe kwa makini kabla ya kuitwa ukaidi.

Mfano ulio wazi ni ule wa Fedora, mfumo endeshi ulio huria. Mifumo ya namna hiyo hujengwa juu ya kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991. Msimbo wake uko wazi: kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Fedora ilianza mwaka 2003, na hutengenezwa na mafundi wa kujitolea wakishirikiana na wafanyakazi wa kampuni ya Marekani iitwayo Red Hat. Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi sita hivi, nacho kisakinishi chake huitwa Anaconda, jina la yule nyoka mkubwa wa mito ya Amerika ya Kusini.

Toleo la 18 la Fedora lilipangwa kutoka Novemba 2012. Likaahirishwa, likaahirishwa tena, hata likatoka Januari 15, 2013. Sababu kubwa ya ucheleweshaji huo ilikuwa kwamba sura yote ya Anaconda ilikuwa imebomolewa na kujengwa upya, na kazi hiyo haikuwa imekamilika kwa wakati. Kisakinishi cha zamani nacho hakikuwa kimewekwa akiba ili kirudishwe endapo kipya kingechelewa. Wajenzi walikuwa wameivunja nyumba ya kale kabla ya kuezeka mpya, na masika yakawakuta uwanjani.

MLANGO MPYA

Kisakinishi cha zamani kilikuwa kama karani mmoja mezani. Kiliuliza swali la kwanza, kikangoja jibu. Kikauliza la pili, kikangoja. Na mtumiaji alikwenda hatua kwa hatua mpaka mwisho. Kisakinishi kipya kilikuwa kama ofisi yenye ukumbi mmoja na milango mingi. Mtumiaji aliwekwa ukumbini, akaonyeshwa mlango wa saa na tarehe, mlango wa lugha ya kibodi, mlango wa programu, na mlango wa diski. Aliingia autakao, akarudi ukumbini, na milango ambayo haikuhitaji neno lake aliiacha ilivyo.

Wajenzi hawakufanya hivyo kwa kupenda mapambo tu. Msimbo wa zamani ulikuwa umerundikana kwa zaidi ya miaka kumi, na kila aliyetaka kurekebisha jambo moja aliharibu jingine. Tena njia ya hatua kwa hatua ilimlazimisha mtu kujibu maswali ambayo mashine ingeweza kuyajibu yenyewe. Katika mpango mpya, mashine iliweza kutafuta orodha ya programu huku mtumiaji akichagua saa, na mtumiaji aliweza kuweka nywila ya msimamizi huku mafaili yakiendelea kuingizwa katika diski. Hapana shaka kwamba mawazo hayo yalikuwa mema.

Lakini wema wa wazo haumwokoi mtu aliyekwama. Lawama za watumiaji zilianza hata kabla ya toleo kutoka, na baada ya kutoka zikawa mvua. Mmoja wa waliozungumza hadharani mwezi huo wa Januari alikuwa Alan Cox wa Uingereza, fundi aliyekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa watengenezaji wakuu wa kiini cha Linux, na ambaye aliwahi kuajiriwa na Red Hat yenyewe. Alieleza kwamba Fedora 18 ilikuwa mbaya kupita zote za ukoo huo alizowahi kuziona, akakishutumu kisakinishi kwamba hakitumiki, akahamia Ubuntu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa kwamba hajui kompyuta.

LAWAMA ZILISEMA NINI

Zikichambuliwa, lawama hizo zinagawanyika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mazoea. Walikuwako waliochukia kwa sababu tu kitu walichokizoea kimeondoka. Kitufe cha kumaliza, kwa mfano, kiliwekwa juu kushoto, mahali ambapo mazoea ya programu nyingine hayakumwelekeza mtu atazame. Baadhi ya watu walizunguka ukurasani wakikitafuta. Kero hiyo ni ya kweli, lakini mtu akishakiona kitufe mara mbili au tatu, hukizoea.

Fungu la pili ni zito zaidi, nalo lahusu diski. Kisakinishi cha zamani kilimwonyesha mtumiaji diski yake ilivyo: sehemu ya kwanza hii, ya pili ile, na nafasi tupu iko hapa. Kipya kiliacha desturi hiyo. Kilipanga sehemu hizo kwa kufuata mifumo iliyokutwa katika mashine na kazi ya kila sehemu, kikamwomba mtumiaji ataje ukubwa anaoutaka, kisha chenyewe kikaamua mahali pa kuiweka. Mwenye diski moja tupu hakuona taabu. Lakini mwenye diski mbili au tatu, au mwenye mfumo mwingine na mafaili ya kazi ndani ya mashine hiyo hiyo, alijikuta anatakiwa kubonyeza kitufe cha kuanza bila kuwa na hakika ni kipi kitakachofutwa. Na yule aliyetumia sura ya maandishi matupu, kama wafanyavyo wasimamizi wengi wa seva, alinyimwa kabisa nafasi ya kuigawa diski kwa mkono wake.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri lote. Mtu anapokataa kubonyeza kitufe asichokielewa, wakati mali yake ya miaka mingi imo ndani ya diski, hawezi kuitwa mpinga maendeleo. Anafanya lile ambalo kila mtunza masjala hufundishwa kulifanya: kutotia sahihi hati asiyoisoma. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wajenzi walikijaribu kisakinishi katika mashine zao. Watumiaji walikilalia katika mashine za kila namna, kuukuu na mpya, na kunguni wakawauma wao.

HOJA YA BURE

Kila lawama za namna hiyo zinapotokea, husikika jibu moja: mfumo umetolewa bure, basi asiyelipa hana haki ya kulalamika. Jibu hilo lina sura ya haki, lakini haki yenyewe haimo.

Kwanza, kitu huria si sadaka anayopewa maskini mlangoni. Ni mali ya shirika, na aitumiaye, aijaribuye na aelezaye kasoro zake anaitunza kwa jasho lake. Pili, faida ya malalamiko hayo haiishii kwa wanaolalamika. Mwezi wa Juni 2014 Red Hat ilitoa toleo la 7 la mfumo wake wa biashara, ambao mashirika hulipia huduma yake, na kisakinishi chake kilikuwa kile kile kilichoanzia Fedora 18, baada ya kupita mikononi mwa watumiaji wa Fedora kwa zaidi ya mwaka mzima. Watumiaji wasiolipa ndio waliotangulia kuvuka mto na kupima kina chake. Kuwaambia wanyamaze ni kumfukuza mpiga mbizi kwa kuwa amesema maji yana mamba.

Lakini upande wa pili nao una lawama zake, na haifai zifichwe. Matoleo ya Fedora hutanguliwa na toleo la majaribio, na lile la 18 lilitolewa Novemba 2012. Wengi waliopiga kelele Januari hawakuligusa. Tena maelfu ya maneno ya hasira hayamsaidii fundi hata kidogo. Anayesema "kimeoza" hajasema kitu. Anayesema mashine yake ni ya aina gani, ina diski ngapi, ndani yake mlikuwa na nini, alibonyeza wapi na kikatokea nini, huyo amefanya nusu ya kazi ya matengenezo. Fedora ina daftari la wazi la kupokelea kasoro, ambamo kila mtu aweza kuandika, na kila aliyeandika aweza kufuatilia jambo lake lilipofika. Daftari kama hilo ni haki, na haki isiyotumiwa hupooza.

MATUNDA YA KUSEMA

Je, malalamiko yalizaa kitu? Yalizaa, ingawa polepole. Matoleo yaliyofuata yalikisafisha kisakinishi hatua kwa hatua. Mwaka 2017, katika toleo la 26, iliongezwa njia nyingine ya kuigawa diski, ambayo humwonyesha mtumiaji diski na sehemu zake kama zilivyo, ndilo lile hasa lililoliliwa tangu mwaka 2013. Kisha Aprili 2025, katika toleo la 42, Fedora ya kompyuta za mezani ilipewa kisakinishi chenye sura mpya tena, iliyojengwa kwa ufundi wa kurasa za intaneti. Ajabu yake ni kwamba sura hiyo imeuacha ule ukumbi wa milango mingi, ikarudia mwendo wa hatua kwa hatua. Yule karani wa zamani ameitwa arudi mezani, akiwa amevaa nguo mpya.

La kujifunza zaidi ni namna mabadiliko hayo ya pili yalivyoletwa. Yalikusudiwa kuingia tangu mwaka 2023, katika toleo la 39. Yakaahirishwa zaidi ya mara moja, lakini safari hii kisakinishi cha awali kilikuwa bado kipo kazini, na matoleo yaliendelea kutoka. Kilipoingia, kiliingia kwanza katika tawi moja la Fedora, siyo yote kwa pamoja. Hapana shaka kwamba nacho kimepokewa kwa sifa na kwa manung'uniko. Lakini safari hii msala mpya ulitandikwa huku mbachao ungalipo, kama methali inavyoonya.

Debian nayo, mfumo huria mwingine uliokomaa, imetoa somo lake. Kwa miaka mingi kisakinishi chake rasmi kilikataa kubeba programu ndogo za kuendeshea vifaa ambazo msimbo wake haukuwa wazi. Msimamo huo ulikuwa wa heshima, lakini mwenye kompyuta ya mkononi iliyotegemea Wi-Fi peke yake alikwama: kifaa hakikuweza kushika mtandao bila programu hiyo, na programu hiyo ilipatikana mtandaoni. Malalamiko yalisikika miaka nenda miaka rudi. Hatimaye mwaka 2022 wajenzi wa Debian walilijadili jambo hilo hadharani, wakapiga kura, na toleo la 12 la Juni 2023 likatoka na programu hizo ndani ya kisakinishi. Hawakuificha kanuni yao wala hawakukiziba kilio cha watumiaji. Waliviweka vyote viwili mezani, wakaamua.

Mambo haya si ya kigeni kwa wasemaji wa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilishiriki kuifasiri programu huria ya kazi za ofisi, ikatolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilionyesha kwamba mtumiaji wa Afrika Mashariki si mgeni anayengoja kutengewa chakula, bali ana nafasi jikoni.

Basi yapasa pande zote mbili zijue wajibu wao. Ajengaye mlango wa watu wengi na awaonyeshe mapema, asiung'oe wa zamani kabla mpya haujafunguka, na asiwaite wajinga walioshindwa kuufungua. Naye apitaye mlangoni asinung'unike kichochoroni. Kabla ya siku ya kazi na aweke nakala ya mafaili yake mahali pengine. Lijapo toleo la majaribio na alijaribu katika mashine isiyo na kitu. Na akikwama aandike alipokwama, neno kwa neno, mahali ambapo mjenzi atasoma. Kilichopatikana mwaka 2017 kilitokana na watu waliosema. Lau wangalinyamaza kwa kuogopa kuitwa wasio na shukrani, huenda hadi leo mwenye diski tatu angalikuwa amesimama mbele ya kitufe, asijue ni mali ipi itakayofutwa.