Mkwaruzo ndani ya gari: msasa weka pembeni!

Wiki hii nawaandikia kutoka Umwe, pale Ikwiriri, wilayani Rufiji, na stori yangu ni magari. Sizungumzii rimu wala muziki mnene. Nazungumzia ile mistari myeupe kwenye plastiki za ndani: mlangoni, kwenye buti, chini ya dashibodi. Utasema hicho ni kitu kidogo. Muulize dereva wa deiwaka kama ni kidogo!

Huku gari halipumziki. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 na watu kuachana na pantoni la Ndundu, barabara ya Kilwa haina usiku wala mchana. Noah moja asubuhi inabeba abiria wa Kibiti, mchana inabeba magunia ya korosho, jioni inarudi na mbao au tenga la samaki kutoka delta. Gari ni la bosi, kijana anapeleka hesabu tu. Sasa bosi akija kukagua mali yake, haanzii kwenye injini. Anafungua mlango. Akikuta plastiki imechorwa kama ubao wa darasa la kwanza, kijana anakatwa, au anaambiwa alete funguo.

Kijana mmoja wa hapa Umwe alikuwa kwenye soo la namna hiyo. Bosi anakuja Jumapili, na buti lina michirizi mitatu ya kona za mbao. Nilimkuta ameshika msasa.

"Kaka, nikisugua kidogo si itatoka?"

"Dogo, weka chini hiyo kitu," nikamwambia.

Sababu ni hii. Ukiziangalia vizuri plastiki nyingi za ndani ya gari, zina vijipele vidogo kama ngozi. Vile havikupakwa juu, vilitoka kiwandani pamoja na plastiki yenyewe. Ukipitisha msasa, unavilaza vyote. Mkwaruzo utaondoka, sawa, lakini utabaki na baka linalong'aa kama kipara, na hakuna dawa ya kuotesha vijipele upya. Mstari mmoja umegeuza kuwa kiwanja cha mpira.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Vumbi la huku lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko plastiki. Ukifuta kwa kitambaa kikavu unaongeza mistari mwenyewe, huku unadhani unafanya usafi. Chukua maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, na mswaki laini uliochoka. Sugua taratibu, futa, acha ikauke. Mara nyingi nusu ya "mikwaruzo" inaondoka hapo hapo, kwa sababu ilikuwa rangi ya gunia au soli ya kiatu cha abiria.

Iliyobaki, ipime kwa ukucha. Pitisha kidole juu yake: kama ukucha haukwami, basi plastiki haijapotea, imesukumwa pembeni tu na kugeuka nyeupe. Hiyo inatibika kwa joto. Kama ukucha unazama, hilo ni shimo, na shimo ni kesi nyingine.

Kwa joto, draya ya saluni unaweza kujaribu kwenye mstari mwepesi kabisa, ila mara nyingi nguvu yake ni ndogo. Mashine ya kweli ni ile ya kupuliza hewa ya moto, wanayotumia mafundi wa kubandika tinti. Lakini hapo sitaki mchezo. Mashine hizo nyingi zinafika nyuzi joto 500 na zaidi, wakati plastiki ya polipropini, ambayo ndiyo imejaa milangoni na kwenye buti, inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Kwa hiyo anza kwa mbali, kama sentimita 20, tena kwenye sehemu iliyojificha. Mkono usisimame hata kidogo, upitishe huku na huku kama unapiga pasi. Sekunde chache, pumzika, tazama. Weupe ukianza kufifia, acha. Ukiona plastiki inang'aa au inalegea, ulishapitiliza. Usiiguse mpaka ipoe, maana alama ya kidole chako itabaki pale mpaka gari liende skrepa.

Na hapa naomba masikio yote. Ukiona maandishi ya SRS au AIRBAG, iwe kwenye usukani, dashibodi au nguzo za pembeni ya kioo, usipeleke moto, usijaze gundi, usibandike urembo. Nyuma yake kuna eabegi iliyokunjwa, na mfuniko ule umetengenezwa upasuke kwa namna yake siku ya ajali. Ukiuharibu kwa ajili ya mstari mmoja, umeuza uhai kwa bei ya urembo. Mstari wa hapo uache.

Kwa plastiki laini inayong'aa kama piano, pamoja na kile kioo cha plastiki cha mita, mambo ni tofauti. Hapo moto hapana. Tumia dawa ya kung'arisha ya chembe laini, kwa kitambaa laini chenye unyevu, bila kukandamiza. Dawa ya meno nyeupe inaweza kusaidia kwenye mistari midogo. Ila usiipake kwenye plastiki ya vijipele, itaganda ndani na utakuwa na madoa meupe badala ya mistari.

Masista du, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha iacheni kwenye pochi. Yenye asetoni inayeyusha plastiki ya aina ya ABS. Thina na petroli nazo ni hivyo hivyo, kaa nazo mbali.

Na mafuta ya nazi je? Najua mnayapenda, kwa sababu mstari unapotea palepale. Haujapotea, umefichwa. Siku mbili tatu vumbi linanasa, na mistari inarudi na wageni. Dawa za silikoni zinazouzwa madukani nazo zinaficha tu. Ukizimwaga juu ya dashibodi, jua la saa kumi linaakisi kwenye kioo cha mbele na huoni barabara. Usukani na pedali ndiyo kabisa, usizipake, zinateleza. Kwa hiyo ukienda kununua gari ukakuta ndani kunameremeta kama harusi, toa kitambaa chenye maji ya sabuni ufute kona moja. Muuzaji akikasirika, ushapata jibu.

Turudi kwa dogo wetu. Fundi tinti alipitisha hewa ya moto, michirizi miwili ikafifia mpaka uitafute. Wa tatu ukucha ulizama. Shimo kama hilo unaweza kujaziwa na kupakwa rangi, lakini vijipele havitafanana. Dawa ya uhakika ni kubadilisha kipande kizima, na vipande vya mtumba vinapatikana Ilala, Dar. Nikamshauri asiufiche kwa mafuta. Amwonyeshe bosi mwenyewe, amwambie viwili vimepona, kimoja kinataka kipande. Bosi anaweza kusamehe mkwaruzo. Kudanganywa ndani ya gari lake hasamehi, na kijana akishapata jina baya Umwe, hata Kibiti hapewi funguo.

Kinga yenyewe ipo hapa hapa Rufiji na wala haitoki Japani. Kuna mama mmoja abiria aliambiwa gunia lake linachora buti. Akajibu bila kugeuka: "Mwanangu, korosho hazina kucha. Tandika mkeka!"

Alimaliza. Mkeka mkuukuu wa ukili chini, kipande cha gunia mlangoni, na kona za mbao uzifunge matambara kabla ya kupakia. Haikugharimu mshiko wowote.

Haya, kwa leo natia nanga. Wiki ijayo tukijaaliwa tutaingia kwenye viti vyenye harufu ya samaki. Msikose!