Wanaorudi mlima uleule

Kila majira ya baridi, familia nyingi za kaskazini mashariki mwa Marekani hufunga mizigo na kwenda kuteleza kwenye theluji. Cha ajabu ni kwamba nyingi haziendi kuona pageni. Hurudi palepale, mwaka baada ya mwaka. Ukiwauliza sababu watataja theluji, kana kwamba haianguki kwingine.

Mlima wa Mad River Glen, jimboni Vermont, unaeleza zaidi. Wachezaji wa skii walifunguliwa mlima huo mwaka 1948, wakipandishwa juu na viti vya kamba vya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2007 mtambo huo ulikarabatiwa, na viti vikaachwa vilevile vya mtu mmoja, ingawa kwingine vya watu wanne au sita ni jambo la kawaida. Theluji ni ile inayoanguka yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo zipo wiki za kukosa. Mfanyabiashara angetikisa kichwa.

Lakini mtoto aliyepanda kiti kile miguu ikining'inia, akimtazama baba yake mgongoni kwenye kiti cha mbele, leo anampandisha wa kwake. Foleni huwa ndefu, na hapo ndipo watu hujuliana hali: nani kajaliwa mtoto, nani kafiwa, nani goti limemshinda msimu huu. Huwezi kupata hayo mahali unapokwenda mara moja.

Mwaka 1995 mmiliki, Betsy Pratt, alipouza mlima, wanunuzi walikuwa wachezaji wenyewe. Waliunda ushirika, wakanunua hisa, wakalipa dola milioni 2.5. Sugarbush, jirani yao katika bonde hilohilo, mwaka 2020 ulichukuliwa na kampuni kubwa ya Alterra.

Mapenzi hayo yana ukali wake, lazima isemwe. Snobodi, ule ubao mmoja unaobeba miguu yote miwili, hairuhusiwi Mad River Glen hata leo. Sasa mzazi mwenye hisa afanye nini na kijana ambaye hataki kitu kingine? Kumlazimisha skii ni kumfukuza kabisa mlimani. Afadhali amshushe Sugarbush asubuhi, yeye aende kwenye foleni yake, na jioni wakutane mezani, kila mmoja akisifu mlima wake.