Ramani Isiishie Kwenye Nukta

Ramani nyingi za nishati jadidifu huonyesha mradi kwa nukta moja. Tuchukue mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, Kenya: mitambo 365, megawati 310. Mitambo ilimalizika kusimikwa mwaka 2017, lakini umeme haukuingia gridi ya taifa hadi 2018, kwa kuwa laini ya kuupeleka Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Nukta haisemi hayo. Wala haisemi kwamba wenyeji wafugaji walikwenda mahakamani kudai ardhi yao. Kwa maoni yetu, ramani ya mwandishi wa habari ionyeshe mambo matatu: mitambo, nyaya na ardhi. Anayeishia kwenye mitambo anautangaza mradi tu, hauripoti.