Tusiikate Miti Yetu Vichwa

Katika gazeti letu hili husomwa mara nyingi habari za kupanda miti. Siku yake ikifika ngoma hupigwa, wageni huja, miche hutiwa ardhini, picha hupigwa, na mambo yakaisha. Siwalaumu wapandaji. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement kule Kenya mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alitufundisha sote kushika jembe. Lakini leo nataka kusema juu ya mti uliokwisha kupandwa, ukakua, na sasa umesimama karibu na nyumba za watu. Ni nani anayeutunza? Hapa kwetu Uganda, mara nyingi hakuna mtu, mpaka siku ile upepo unapovuma kwa nguvu na watu wakaanza kuuogopa. Hapo ndipo huitwa mtu mwenye panga.

Tuliporudi kutoka likizo ndefu tulikuta ile mijakaranda ya njia ya bwalo la chakula, iliyokuwa ikitupa kivuli, imesimama kama nguzo za simu. Yote ilikuwa imekatwa vichwa. Wengi waliisifu kazi hiyo, maana miti imekuwa mifupi na ua umekuwa mweupe. Sasa nasikia ya kuwa mivule miwili iliyo nyuma ya bweni nayo itafanyiwa vivyo hivyo. Mimi sikubaliani na shauri hilo, nami nitaeleza sababu zangu.

Mti ukikatwa kichwa haukubali kuwa mfupi. Majani ndiyo jiko lake. Humo hupikwa chakula chake kwa nuru ya jua. Ukiyaondoa yote kwa siku moja, mti hula akiba iliyomo katika shina na mizizi, nao huharakisha kutoa machipukizi mengi kandokando ya jeraha. Watu wakiyaona husema, "Tazameni, umefufuka!" Kumbe machipukizi hayo si kama tawi la asili, ambalo huungana na shina mwaka baada ya mwaka tangu ndani, haya yameshikamana na tabaka za juu tu. Hukua upesi sana. Baada ya miaka michache mti huelekea tena kwenye urefu wake wa kwanza, lakini sasa una matawi mengi yaliyoshikwa kwa nguvu kidogo, na chini yake pana kigutu kinachooza. Basi mti tuliouogopa bure tumeufanya uwe wa kuogopwa kweli.

Sasa nitasema neno ambalo huenda likawaudhi wengine. Mara nyingi mkataji halipwi fedha, hulipwa kuni. Ama shule hujichukulia kuni kwa ajili ya jiko, ikafurahi kwamba imepata faida mara mbili. Mkataji wa namna hiyo hana sababu hata moja ya kukata kidogo. Je, wewe ungempeleka ndugu yako kwa daktari anayelipwa kwa uzito wa miguu aliyoikata?

Mtunza miti wa kweli kabla ya kugusa msumeno huuzunguka mti kwanza. Hutazama juu kama kuna nyaya za umeme. Hutazama chini kwenye mizizi kama pameota uyoga, maana uyoga shinani huweza kuwa habari ya kuoza. Hugonga shina kwa nyundo ya mti na kusikiliza, kwa kuwa penye mvungu hulia kama ngoma. Wala mvungu peke yake si hukumu ya kifo. Mwanzi una mvungu, nao hausimami kwa huruma ya mtu. Kisha hupanda kwa kamba na mkanda, kofia ngumu kichwani, na mwenziwe chini akiwazuia wapitao.

Tawi zito halikatwi mara moja. Kwanza hukatwa kidogo kwa chini, kama futi moja kutoka shinani. Halafu kwa juu, mbele kidogo ya pale, mpaka lianguke. Na kipande kilichobaki hukatwa mwisho. Ukikata kwa juu tu, tawi hushuka kwa uzito wake na kulichuna gome la shina. Na pale pa mwisho pana mahali pake hasa. Ukitazama vema chanzo cha tawi utaona uvimbe kama kola ya shati. Kata nje ya kola hiyo, usiikate yenyewe, wala usiache kigutu kirefu cha kutundikia kofia.

Aliyetufumbua macho katika jambo hili ni Mmarekani Alex Shigo (1930–2006), mtaalamu wa Idara ya Misitu ya nchi yake. Alipasua maelfu ya miti kwa urefu wake, apate kuona ndani palitokea nini baada ya jeraha. Mwaka 1977 alieleza ya kuwa mti hauponi kama ngozi yetu inavyopona. Hauwezi kuirudishia uzima sehemu iliyooza. Huijengea kuta na kuifungia ndani, kisha huotesha mti mpya juu yake. Kola ile ni sehemu ya ulinzi huo. Kwa hiyo hata ile desturi ya kupaka lami juu ya jeraha haina faida tuliyoidhania; haizuii kuoza.

Lakini msidhani maarifa haya ni ya wageni tu. Mafundi wa nguo za gome hapa Buganda, hasa wa ukoo wa Ngonge, huvuna gome la mutuba wakati wa mvua. Fundi hukwangua ganda la nje, hukata duara juu na duara chini na mstari mmoja wa kuyaunganisha, kisha hulibandua gome polepole asiumize utando laini ulio chini yake. Halafu huufunga mti kwa majani ya mgomba usikauke. Gome jipya huota, na mti uleule huvunwa tena kwa miaka mingi. Miti mingine mingi ukiichuna hivyo itakufa, maana chakula kitokacho majanini hushuka kwa njia ya gome. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu. Watu waliojua kuuvua mti nguo yake bila kuuua, wanashindwaje leo kukata tawi moja?

Wako watakaosema, "Maisha ya watoto ni bora kuliko kivuli." Ni kweli, wala sibishani nao. Tawi lililokauka juu ya njia likatwe leo, na mti uliooza mizizi uangushwe wote. Mtunza miti si mtu wa kukataa kukata; ni mtu wa kujua kipi cha kukata. Nimetazama mivule ile miwili mimi mwenyewe, na nikaona matawi matatu makavu upande wa bweni. Hayo yaondolewe na mtu anayelipwa fedha, na kuni zisiwe sehemu ya mapatano.

Yaliyobaki ni yetu sisi wanafunzi. Misumari ya matangazo iondolewe mashinani, na waya wa wavu wa voliboli uliozungushwa kwenye mgrevilea ufunguliwe, maana tayari umeanza kumezwa na gome. Ama ile miche ya Kidato cha Kwanza, samaki hukunjwa angali mbichi: ule wenye vichwa viwili upunguzwe kimoja sasa, kazi ya kisu kidogo na dakika mbili, na kamba zilizoifunga kwenye vijiti zilegezwe kabla hatujafunga shule mwezi ujao.