Mpango wa Kilima ni Kazi ya Wenye Kilima

Sheria ya tarafa ya mwaka 2005 iliweka katika kila kilima na mtaa wa Burundi baraza la watu 5 waliochaguliwa. Hapo ndipo mpango wa maendeleo wa tarafa hupaswa kuanzia: wananchi hukutana, hutaja shida zao na kuzipanga kwa uzito. Yawezekana mtu akauliza, askari ana nini na shughuli hiyo? Tunajibu kwamba katika pwani ya Rumonge ana mengi.

Ardhi ya pwani hii ina historia nzito. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwakimbiza wakaazi wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac hadi Tanzania na Kongo, na mashamba yao ya michikichi yakashikwa na wengine. Waliporejea, hasa baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, shamba moja likawa na wenyewe wawili. Ziwa nalo limepanda katika miaka ya karibuni, likaingia majumbani, ilhali Sheria ya Maji ya mwaka 2012 inalinda ukanda wa mita 150 kutoka ukingoni. Basi kila barabara au soko linalochorwa katika mpango hupita katika kiwanja cha mtu. Likichorwa kwa siri huzaa ugomvi, na usiku huo anayeitwa ni askari.

Jirani zetu wametuachia funzo. Operesheni Vijiji ya Tanzania, ya miaka ya 1970, ilikuwa na shabaha njema: shule, maji na zahanati karibu na watu. Lakini mamilioni walihamishwa upesi, wengine kwa nguvu, na baadhi ya vijiji vikawekwa mahali pasipo maji ya kutosha. Wenyeji waliojua chemchemi zilipo hawakuulizwa.

Kwa hiyo wajibu wetu una mipaka. Askari aulinde mkutano, asiuendeshe. Asisimame na bunduki mbele ya mjane anayeeleza mpaka wa shamba la marehemu mumewe. Aliye likizo ahudhurie kama mwana wa kilima, angoje zamu yake ya kusema. Naye polisi, ambaye hupokea mashitaka ya mipaka kila siku, awaonyeshe wapangaji penye mgogoro kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa.

Mwaka 2025 Rumonge iliingizwa katika mkoa mpya wa Burunga, na tarafa za nchi zikapunguzwa kutoka 119 hadi 42. Kadiri ofisi zinavyokuwa chache, ndivyo sauti ya kilima ipasavyo kusikika zaidi.