Kijana wa Vugizo na Mzunguko wa Mwisho

Mwezi uliopita pale uwanjani palitokea ubishi. Vijana wanajiandaa kwa mashindano, na kila zoni inatoa mkimbiaji mmoja tu kwa kila mbio. Zoni moja ina wawili: mdogo mwenye mbio kali, na mkubwa wake ambaye mara mbili alikosa nafasi kwa sababu majina yalichelewa kuandikishwa. Sasa nani aende? Kelele zikawa nyingi. Mama mmoja mtu wa Rumonge, anayeuza mawese sokoni, akasimama akauliza, "Kwani Niyongabo alifanyaje?"

Vijana wakatazamana. Niyongabo ni nani? Hapo sisi wa safu hii tukaona haya kidogo, maana hatujawahi kuwasimulia.

Basi sikilizeni. Vénuste Niyongabo alizaliwa mwaka 1973 huko Vugizo, katika uliokuwa mkoa wa Makamba. Wanaoijua ile barabara inayotoka Bujumbura, ikapita Rumonge na kufuata ziwa mpaka Nyanza-Lac, watakumbuka jinsi milima inavyoinuka mkono wa kushoto. Yeye ni mtoto wa milima ile ya kusini. Mwaka 1992 alipata medali ya fedha ya mita 1,500 katika mashindano ya vijana ya dunia kule Seoul. Mwaka 1995, kule Gothenburg nchini Sweden, akawa wa tatu duniani kwa wakubwa, nyuma ya Noureddine Morceli wa Algeria na Hicham El Guerrouj wa Morocco. Yaani mita 1,500 ndiyo ilikuwa shamba lake.

Ikaja Olimpiki ya Atlanta, Marekani, mwaka 1996. Burundi ilikuwa haijawahi kushiriki hata mara moja. Kulikuwa na mkubwa wake, Dieudonné Kwizera, mkimbiaji hodari aliyekosa Olimpiki ya 1988 na ile ya 1992. Hakukosa kwa uzembe wala kwa miguu mizito. Nchi ilikuwa haina kamati ya Olimpiki inayotambuliwa, basi. Sisi wa kambini hatuhitaji kuelezwa sana habari ya kukosa kitu kwa sababu karatasi haijatoka. Atlanta Kwizera alikwenda kama kocha. Niyongabo akamwachia nafasi yake ya mita 1,500, na yeye mwenyewe akaingia mita 5,000, mbio ambazo kabla ya hapo alikuwa amezikimbia mara mbili tu!

Na nyumbani je? Wazee mnakumbuka. Vita ilikuwa imeanza 1993. Tarehe 25 Julai 1996, michezo ikiendelea kule Atlanta, Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa mapinduzi. Siku chache baadaye nchi jirani zikatangaza vikwazo. Wengine wetu tulikuwa tumeshavuka ziwa, wengine tulikuwa bado tunajificha.

Fainali ilikuwa tarehe 3 Agosti. Mizunguko kumi na miwili na nusu. Niyongabo alikaa na wenzake kwa utulivu, na mwisho ulipokaribia akachomoka. Paul Bitok wa Kenya akamfuata, akimkaribia kila hatua mpaka kwenye mstari. Niyongabo alimaliza kwa dakika 13, sekunde 7.96. Bitok alitumia 13:08.16. Tofauti ni sehemu ya tano ya sekunde, hata kupiga kofi moja hujamaliza! Khalid Boulami wa Morocco akawa wa tatu. Olimpiki ya kwanza ya Burundi, dhahabu ya kwanza, na mpaka leo ndiyo dhahabu pekee.

Siku hiyohiyo ilikimbiwa pia fainali ya mita 1,500, zile mbio alizoziacha. El Guerrouj alianguka ukiwa umebaki mzunguko mmoja, Morceli akashinda. Kama Niyongabo angekuwemo ingekuwaje? Hapo mtabishana wenyewe bombani.

Kwizera hakufika fainali. Kijana mmoja tulipomsimulia alisema, "Basi nafasi ilipotea bure." Sisi hatukubali. Mtu alisubiri miaka minane kukimbia Olimpiki, na akakimbia.

Baadaye Niyongabo hakupata tena ushindi kama ule. Sydney mwaka 2000 hakufika fainali, akaachana na mashindano, na maisha yake akayaendeleza Italia. Medali ya pili ya Burundi ilichukua miaka ishirini kuja. Ililetwa na msichana, Francine Niyonsaba, aliyepata fedha ya mita 800 kule Rio mwaka 2016. Mabinti wanaoambiwa mbio ni za wavulana, habari ndiyo hiyo. Yake ni ndefu, tutaileta mwezi ujao.

Na wale vijana wawili? Tulipokuwa tunaandika haya, mdogo alikuwa amesema mkubwa akimbie mita 1,500, yeye atajaribu 5,000. Mama yake hajafurahi, anasema mwanawe atachoka bure. Mashindano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi kabla ya jua kali. Mzee yeyote anayekumbuka alikuwa wapi aliposikia habari ya Atlanta aje atuambie, tutaandika.