Nishani ya marehemu

Ndugu vijana, wako wanaosema nishani ya askari mzee ni chuma tu. Sisi tunakataa. Mwaka 1941 askari Wakongo wa Force Publique walipigana Saio, Ethiopia, hata jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri. Koplo Albert Kunyuku, aliyetumwa Burma, alivishwa nishani na Mfalme Philippe mjini Kinshasa Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 100. Miaka 77 baada ya vita! Wenzake wengi walikwisha kuzikwa. Je, marehemu hana haki? Daftari lisilotaja nishani aliyoistahili linamsingizia. Hapa Kolwezi, tufungue masanduku ya babu zetu. Tunakili namba ya askari, kikosi, tarehe ya kuachishwa utumishi, kisha tudai kwa barua daftari lisahihishwe.